Kichwa Nilichokiacha Kimeinama

Wiki yangu ya kwanza katika kituo kile cha afya, nilimtibu mtoto ambaye hakuwa mgonjwa.

Alikuwa mvulana wa miaka sita hivi, amefuatana na mama yake aliyekuja kliniki ya wajawazito. Aliingia, akaja moja kwa moja mpaka nilipoketi, akasimama, akainamisha kichwa. Hakusema neno. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya vitendo miezi michache tu kabla ya hapo, na nikafikiri ananionyesha utosi. Nikavaa glavu. Nikachukua tochi. Nikapekua kichwa chake kilichonyolewa nikitafuta mashilingi, yale mabaka ya mviringo ambayo watoto huambukizana, na kwa sababu nilikuwa naogopa sana kukosa kuona kitu, nikaona baka ambalo halikuwepo. Nikamwandikia dawa ya kupaka.

Sista alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la pamba mkononi. Alicheka mpaka akalazimika kuliweka chini.

"Daktari," akasema, "huyu anakusalimia."

Mimi ni afisa wa kliniki, lakini kule kila mtu huniita daktari na nilishaacha kubisha. Sista ndiye muuguzi wa kituo, mama wa Kimaasai wa miaka hamsini na kitu, aliyefanya kazi pale tangu jengo lilipokuwa chumba kimoja. Alikuja akauweka mkono wake juu ya utosi wa yule mvulana, taratibu, kama mtu anayefunika chungu, na mtoto akainua uso, ameridhika. Ndivyo mtoto anavyomsalimu mkubwa kule. Hatoi mkono. Anatoa kichwa, na mkubwa anaweka mkono.

Nilikuwa nimekulia Kitengela, mwendo wa saa moja na nusu kutoka pale. Wazazi wangu walitoka Murang'a kabla sijazaliwa. Nilisoma na watoto wa Kimaasai tangu chekechea, lakini shuleni sote tulikuwa tunagotana ngumi, na zaidi ya hayo sikuwahi kuwa mkubwa wa mtu yeyote. Sasa koti jeupe lilikuwa limenipa umri ambao sikuwa nao. Mama wa yule mtoto aliichukua ile dawa ya mashilingi kwa adabu, akaniambia "ashe oleng", ahsante sana, na nikabaki nimekaa na glavu zangu.

Kufikia Ijumaa nilikuwa na jina. Daktari wa mashilingi.

*

Kituo kiko mbele ya mji wa Kajiado, ukiacha lami na kufuata barabara ya vumbi kupita mabwawa mawili ambayo mara nyingi huwa makavu. Kinaendeshwa na kanisa. Wafanyakazi tulikuwa mimi, Sista, na mlinzi ambaye pia alikuwa mtunza bustani na mtu wa kuwasha jenereta. Nilipewa chumba nyuma ya stoo ya dawa. Mwisho wa juma mara mbili kwa mwezi nilienda nyumbani Kitengela kwa mama.

Nataka kueleza jinsi mkono ulivyokuja kuwa kipimo, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka.

Mwanzoni niliweka mkono kwenye vichwa kwa adabu tu, kujisafisha aibu ya mashilingi. Kila mtoto aliyeingia, awe mgonjwa au amemsindikiza mtu, aliinama, nami nikaweka kiganja. Baada ya mwezi mmoja au miwili niligundua kwamba kiganja changu kilikuwa kimeanza kuhesabu. Kichwa baridi, kichwa baridi, kichwa baridi, halafu kimoja kinachochoma kidogo. Ninasema, "Na huyu?" Mama anasema, "Huyu ni mzima, nimekuja na ile ndogo." Ninatoa kipimajoto, na kweli, ile ndogo ina mafua tu na huyu aliyekuja kubeba mkoba ndiye mwenye homa. Nilipata hivyo masikio yenye usaha, vifua, na siku moja mtoto mwenye malaria aliyekuwa ametoka kumtembelea shangazi upande wa Taita.

Sikumwambia mtu kuhusu jambo hilo. Halikuandikwa popote. Ilikuwa salamu, na ndani ya salamu nilikuwa nimeficha kazi yangu. Nilidhani ni siri yangu.

Hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyoiweza bila kuogopa. Mengine yote niliyafanya nikiwa na woga. Nilipiga hesabu ya dozi mara tatu, kisha nikamwomba Sista apige ya nne. Nilikuwa na mwenzangu wa chuo aliyeajiriwa hospitali kubwa, na kila mchana nilimpigia: "Upele wa namna hii, ungefikiri nini?" Alinijibu kwa miezi minne. Baadaye akaanza kupokea kwa kusema, "Sema haraka, niko wodini." Baadaye akaacha kupokea. Simlaumu. Lakini tangu hapo hapakuwa na mtu aliyesikiliza kifua baada yangu. Nikisema kifua ni safi, basi kilikuwa safi, kwa sababu hakukuwa na sikio lingine kwa umbali wa kilomita nyingi.

Ndipo nikaanza kujiuliza ni lini mtu anaruhusiwa kuondoka.

Nilijiwekea kanuni, moja baada ya nyingine. Nitaondoka nikimaliza mwaka. Mwaka ukaisha, nikaona ni vibaya kuondoka katikati ya chanjo ya surua. Chanjo ikaisha, nikasema baada ya mvua. Mvua haikunyesha ya maana, na nikabaki sijui kama kanuni hiyo imetimia au haijatimia. Nilijua kwamba kabla yangu kiti hiki kilikaa wazi kwa miezi mingi, Sista akifanya kila kitu peke yake, na kwamba aliyenitangulia aliaga Jumatatu na kuondoka Jumatano. Nilijiambia sitakuwa kama huyo. Nilijiambia pia kwamba labda huyo alikuwa na akili kuliko mimi.

Mama hakuelewa tatizo liko wapi. Alikuwa amesikia kutoka kwa jirani kwamba hospitali moja ndogo ya watu binafsi, mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu, ilikuwa inatafuta maafisa wa kliniki. Nikaenda kuhojiwa. Nikamdanganya Sista kwamba naenda kung'olewa jino. Niliporudi akaniangalia mdomo, akasema, "Pole. Wamekutoa bila kuvimbisha. Huyo fundi ni mzuri."

*

Jibu lilikuja siku ya mnada wa mifugo. Siku hiyo kituo hujaa, kwa sababu watu walioleta ng'ombe na mbuzi sokoni hupitia kwetu kabla ya kurudi bomani. Benchi la nje lilikuwa limejaa na wengine wameketi chini kando ya ukuta penye kivuli. Simu ikatetemeka mfukoni mwangu mara moja, na nikaona mwanzo wa barua pepe: *Tunayo furaha*.

Ningeiacha. Mtu mwingine angeiacha mpaka saa ya chai. Lakini mimi siwezi kuacha kitu bila kukijua, nakihisi kama mchanga ndani ya kiatu. Nikaifungua chini ya meza wakati nyanya mmoja alikuwa anaingia kuchukua dawa zake za presha.

Nilimjua vizuri. Tulimwita koko, neno la Kimaa la nyanya, naye alikuja kila mwezi bila kukosa. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na kila mara aliongozwa na mjukuu wake wa kike wa miaka mitano, ambaye alimshika kidole kimoja tu, cha shahada, kama anayevuta mbuzi.

"Takwenya, koko."

"Iko," akaitikia salamu, akaketi.

Nikamfunga mkanda wa presha mkononi. Mashine ikaanza kuvuma. Simu ilikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto, kalamu kwenye wa kulia. Nilikuwa nimefika kwenye mstari unaosema nithibitishe kabla ya Ijumaa jioni, na kwamba ningeanza mwezi ujao, chini ya daktari mkuu wa zamu. *Chini ya daktari mkuu wa zamu.* Niliyasoma maneno hayo mara mbili. Kungekuwa na mtu juu yangu.

Mtoto alikuja akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

Nilimwona. Hilo ndilo jambo ambalo nimeligeuza na kuligeuza tangu siku hiyo. Sitasema sikumwona. Niliuona utosi wake mdogo, na kovu dogo la kunyolewa vibaya juu ya sikio, na nikafikiri: dakika moja, nimalize mstari huu. Mashine ikalia. Nikaandika presha. Nikahesabu vidonge, nikamwambia koko ameze kimoja asubuhi na asisahau kupunguza chumvi, nikaita anayefuata. Mtoto alibaki ameinama kwa muda. Halafu akainua kichwa polepole mwenyewe, bila mkono, akamshika bibi yake kidole, wakatoka.

*

Kesho yake mchana, mjomba wa yule mtoto alifika kwa pikipiki, amemfunga kwa shuka kifuani pake.

Mtoto alikuwa anapumua haraka, mbavu zikiingia ndani kila pumzi, na macho yake yalikuwa wazi bila kutazama kitu. Nilimpokea, na kiganja changu kikagusa kichwa chake kabla ya kitu kingine chochote. Kilichoma. Sista alikuwa ameshaleta mtungi wa oksijeni kabla sijauomba. Nilifanya kila nilichofundishwa. Tukampa sindano ya kwanza, tukapiga simu ya ambulensi. Sista akasema, "Wewe enda naye. Mimi nitabaki." Nikaenda.

Katika hospitali ya Kajiado daktari mmoja kijana alimsikiliza kifua, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Akamgeukia mwenzake, mwanamke aliyekuwa anaandika kwenye kitanda cha jirani.

"Hebu sikiza hii pafu ya kulia. Mimi naona iko chini kabisa."

Mwenzake akaja, akasikiza. "Chini, na pia hapa nyuma. Eksirei."

Ilichukua pengine sekunde ishirini. Nilisimama kando na faili, na nikahisi kitu ambacho nilikionea haya hapo hapo kwenye wodi, mtoto akiwa kwenye oksijeni. Niliwaonea wivu. Katika mwaka na miezi ile yote, hakuna mtu aliyeniambia "pia hapa nyuma".

Ilikuwa nimonia. Walisema tumemleta kwa wakati. Walisema hivyo kunisifu, na kila walipoyarudia maneno hayo nilihesabu saa kurudi nyuma mpaka kwenye mkanda wa presha.

Kwa maana nilikuwa sijui. Hilo ndilo lililonitafuna siku mbili zilizofuata. Pengine siku ya mnada kichwa chake kilikuwa baridi. Pengine homa ilianza jioni. Watoto hubadilika kwa saa chache, nimelisoma hilo vitabuni na nimeliona kwa macho. Ikiwa alikuwa baridi, basi sikufanya kosa lolote zaidi ya kukosa adabu, na naweza kuijibu ile barua kama mtu yeyote anayebadilisha kazi. Ikiwa alikuwa moto, basi sina haki ya kwenda popote, au pengine sina haki ya kubaki, sikujua ni ipi kati ya hizo. Nikikubali kazi ile, nitakuwa nimekimbia. Nikiikataa, nitakuwa ninabaki kwa hatia, na mtu anayefanya kazi kwa hatia hukosea tena. Niliandika jibu la kukubali nikalifuta. Nikaandika la kukataa. Nilipokuwa nikilifuta hilo nalo, mama alipiga.

"Umewajibu?"

"Bado, mami."

"Bado? Kazi imetoka huko ikakuja mpaka kwa mlango yangu, na wewe unaiuliza maswali?"

"Kuna mtoto mgonjwa."

"Wewe ni daktari. Kutakuwa na mtoto mgonjwa mpaka siku utazeeka." Kuku wake walikuwa wanalia nyuma. "Huyo mtoto atapona?"

"Wanasema atapona."

"Basi ni nini?"

Nilisema mtandao ni mbaya huku.

*

Alhamisi nilienda Kajiado baada ya kazi kumwona. Mtoto alikuwa ameketi, bomba la oksijeni limeondolewa, anakula uji kwa kijiko ambacho hakumruhusu mtu mwingine kukishika. Koko alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, mkono mmoja juu ya blanketi, ili ajue mtoto yuko. Nilimsalimu, akanijua kwa sauti.

Nilikuwa nimepanga kuuliza kwa kuzunguka. Ningeuliza alianza kukohoa lini, alikula nini, kama maswali ya faili. Lakini nilipofungua mdomo nikauliza moja kwa moja.

"Koko, ile siku ya mnada mkikuja kwangu, asubuhi yake, mtoto alikuwa na joto?"

"Alikuwa," akasema. "Kidogo. Mama yake akasema abaki nyumbani. Nikasema hapana, naenda naye. Nikasema, ile mkono ya daktari itamsikia."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Watu wote wanajua hiyo mkono," akaendelea, kama anayenisimulia habari za mtu mwingine. "Hata huko juu kwa milima. Mama akiwa na mtoto hajui kama ni mgonjwa, anakuja na yeye, anasema mimi ndio naumwa kichwa. Kwa sababu daktari atashika mtoto, na akisikia kitu atasema." Akatafuta blanketi kwa vidole, akaivuta juu. "Wewe hukusema kitu. Nikajua ni mzima. Tukaenda."

Haikuwa siri yangu hata siku moja. Walikuwa wameipanga kazi yao juu ya salamu yangu, na mimi sikuwa na habari. Kunyamaza kwangu kulikuwa jibu, na waliondoka nalo.

Koko hakuwa ameona. Macho yake hayangeweza kuona kama mkono wangu uligusa au haukugusa. Aliyejua ni mtoto na mimi, na mtoto alikuwa anakwangua uji. Nilijua wakati huo kwamba ningeweza kuinuka, nikamtakia afya njema na nikaenda zangu Kitengela, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angeniuliza.

"Koko, sikumshika."

Akageuza uso upande wangu.

"Aliinama, nikamwona, na sikumshika. Nilikuwa nasoma simu."

Kitanda cha tatu kutoka pale kulikuwa na mtoto anayelia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka.

"Simu ya nini?"

"Ya kazi. Wamenipa kazi Kitengela."

"Kwa hivyo unaenda."

"Sijui, koko."

"Unaenda," akasema. Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa amekasirika alikuwa amekunja hasira yake na kuiweka mahali. "Kila mwenye anakuja tunamfundisha kusalimia. Akishajua, anaenda. Halafu tunaanza tena na mwingine."

Kisha akamwambia mtoto kitu kwa Kimaa, na mtoto akampa kijiko.

*

Ijumaa asubuhi nilimwambia Sista yote, hata habari ya jino.

"Nilijua," akasema. "Mtu akitoka kung'olewa jino hanunui njugu kwa stage ya matatu."

Kisha nikafika kwenye habari ya mtoto. Tulikuwa tunapanga sindano kwenye trei, na aliendelea kupanga.

"Mimi nilikuwa kwa korido," akasema. "Yule msichana alinipita akiingia na akanipita akitoka. Aliinama mbele yangu pia. Nilikuwa na ndoo mkono huu na faili huu. Nilimwambia, 'Pita, mama.' Kwa hivyo usijifanye ni wewe peke yako ulikuwa na mikono siku hiyo."

Nilifikiri angesema nibaki. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo, hata nilikuwa nataka aliseme, maana lingeniondolea mzigo wa kuamua. Badala yake akaniuliza nini hasa kilichonivuta kule Kitengela. Nikamwambia kuhusu wale madaktari wawili na lile pafu.

"Basi hiyo ndio sababu," akasema. "Si mtoto. Ungekuwa umesema unaenda kwa sababu ya mtoto, ningekwambia kaa. Na usiende kama yule wa Jumatano. Huyo hakunionyesha hata mahali aliweka funguo ya friji ya chanjo."

Mchana huo tulikata kadibodi ya boksi la dawa, akaandika kwa kalamu nzito, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, kwamba kila mtoto anayeingia mlangoni apimwe joto kwa kipimajoto, awe amekuja kutibiwa au kumsindikiza mtu. Tukaibandika juu ya benchi. Nilitaka kazi ile itoke kwenye kiganja changu, iwe mahali ambapo mtu anaweza kuisoma. Sista akasema ni vizuri, lakini nusu ya watakaokaa chini ya kadibodi hiyo hawasomi, na watoto wataendelea kuinama.

Saa kumi niliipigia simu hospitali ya Kitengela. Nilimwambia msimamizi kwamba naikubali kazi, lakini siwezi kuondoka mpaka aje mtu wa kukaa kwenye kiti changu na nimwonyeshe kazi.

"Na huyo mtu ameshapatikana?" akauliza.

"Bado."

"Daktari, sisi hatuwezi kungoja mtu ambaye hatumjui." Nilisikia akifungua karatasi. "Nakupa wiki sita. Baada ya hapo nampigia aliyekuwa wa pili."

Nikaandika barua kwa ofisi ya kanisa siku ile ile. Kisha nikaanza kuogopa upya. Wiki ya kwanza hawakujibu. Wiki ya pili wakasema wametangaza nafasi. Wiki ya nne wakasema kuna kijana, kisha kijana akapata kazi Nkoroi, karibu na kwao. Nilikuwa nikifika mwisho wa siku nikiwa na hakika kwamba nimekosa kila upande, kwamba nimepoteza kazi ya Kitengela na imani ya watu wa hapa kwa wakati mmoja. Nilijiuliza nitafanya nini wiki sita zikiisha na kiti kikiwa wazi, na sitadai kwamba nilikuwa na jibu. Baadhi ya siku nilijibu naenda. Baadhi ya siku nilijibu nabaki. Habari ya simu yangu nayo ilikuwa imezunguka, kwa sababu koko si mtu wa kuficha neno, na nilipowagusa watoto vichwani, mama zao walikuwa wananitazama mkono.

Yule msichana alirudi kliniki mara mbili kuangaliwa kifua. Mara zote mbili hakuinama. Alisimama nyuma ya kiti cha bibi yake, akanitazama. Sikumlazimisha. Nilipima joto, nikasikiliza mgongo mzima, hata nyuma chini, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kifua kilikuwa safi. Nilitamani kuwe na mtu wa kumwambia, hebu sikiza na wewe.

*

Aliyechukua nafasi yangu alifika wiki ya sita, Jumatano, nikiwa nimebakiza siku mbili. Kijana mrefu kutoka Nyeri, viatu vyake vikiwa bado vinang'aa, na begi lenye vitabu vitatu ambavyo mimi pia nilivibeba siku yangu ya kwanza. Nilimwonyesha ufunguo wa friji ya chanjo. Nilimwonyesha rejista, stoo, jinsi ya kupiga jenereta teke mahali panapofaa. Alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari, na alipiga hesabu ya dozi moja mara tatu mbele yangu. Nilimhurumia na nikamwamini.

Alhamisi koko alikuja kuchukua dawa za presha, akiongozwa kwa kidole kimoja. Nilimwachia kijana kiti changu, nikasimama kando ya dirisha. Alifunga mkanda vizuri. Mashine ikaanza kuvuma. Msichana alizunguka meza, akasimama mbele yake, akamtazama kidogo, kisha akainamisha kichwa.

Kijana akatazama ule utosi. Akanitazama mimi. Mkono wake ukaanza kwenda kwenye tochi.

"Weka mkono," nikasema.

"Wapi?"

"Hapo juu. Weka tu, usiondoe haraka."

Akaweka. Mtoto akatulia chini ya kiganja chake. Nikahesabu moyoni.

"Sasa mwambie koko," nikasema. "Kila mara. Hata kama hakuna kitu, sema. Anangoja."

Kijana akakohoa kidogo. "Koko, mtoto yuko baridi. Ni mzima."

"Nimesikia," akasema koko. Akageuza uso kidogo, kuelekea dirishani, mahali alipojua nimesimama. "Huyu anajifunza haraka."

Mtoto akainua kichwa. Ningepaswa kumwacha hapo. Kijana alikuwa amegusa, amesema, na kipimajoto kilikuwa kimesema vilevile mlangoni. Lakini nilitoka dirishani, nikapiga magoti mbele yake ili nisiwe juu sana, na nikangoja. Ilichukua muda. Mashine ilikuwa imeshanyamaza, na benchi la nje lilikuwa linaita.

Akainama. Nikaweka mkono wangu, na nikauacha hapo mpaka nilipokuwa na hakika.